Hakuna aliyewahi kulifukua taji la Firauni

Kwa zaidi ya miaka 200 watu wamekuwa wakifukua makaburi ya wafalme wa Misri ya kale. Yametoka majeneza ya dhahabu, magari ya kukokotwa na farasi, vitanda, viatu, mashada ya maua yaliyokauka, hata nguo za ndani. Taji halijatoka. Lile jeupe, lile jekundu, lile lililounganisha yote mawili, lile la buluu: yote tunayajua kwa kuchorwa ukutani na kuchongwa kwenye mawe. La kuvaa, la mtu kulishika kwa mikono yake, halimo katika jumba lolote la makumbusho duniani.

Swali hili sikulianzisha mimi. Nilikuwa nasoma Cairo, mjomba wangu akaja kwa matibabu ya macho, na siku alipojisikia vizuri nikampeleka makumbusho ya Tahrir. Alizunguka kimya, mikono nyuma, miwani mipya puani, akisimama mahali ambapo wengine hawasimami. Tulipomaliza ghorofa ya juu akanigeukia.

"Sasa mjomba, nimeona mpaka kitanda alicholalia. Kofia yenyewe wameiweka wapi?"

"Ipi, mjomba?"

"Ya ufalme."

Nikamwonyesha sanamu iliyokuwa karibu. Akaitazama, akatikisa kichwa. "Hiyo picha. Mimi nimeuliza kofia."

Sikuwa na la kumjibu. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tulikuwa na Firauni mmoja tu, yule wa Nabii Musa, na alikuwa na balaa la kutosha hata hatukuwa na haja ya kuuliza amevaa nini kichwani. Kumbe walikuwa wengi, nasaba kama 30 katika miaka karibu 3,000, na kichwa cha kila mmoja wao ndicho sehemu ya mwili waliyoishughulikia kuliko zote.

Anayetaka kuanza mwanzo aanze na kibao cha Mfalme Narmer, ambacho kipo hapo hapo Tahrir. Ni jiwe la kijivu linaloelekea ukijani, urefu wake kama sentimita 64, la miaka ya 3100 KK hivi, lililofukuliwa na Waingereza James Quibell na Frederick Green huko Hierakonpolis, kusini mwa Misri, msimu wa 1897 na 1898. Kwa umbo ni kibao cha kusagia wanja. Bado kina kidimbwi cha mviringo cha kusagia, kilichozungukwa na shingo ndefu za wanyama wawili wa ajabu waliosokotana. Lakini ni kikubwa mno kwa wanja wa mtu wa kawaida, na kiliwekwa hekaluni.

Upande mmoja mfalme amesimama peku, rungu limeinuliwa, mkono wa pili umemkamata adui nywele. Nyuma yake kuna mtumishi mdogo, ameshika viatu vya bwana wake. Hapo mfalme amevaa taji jeupe, refu, limenenepa chini na kuishia na kifundo juu, mfano wa kibuyu chembamba. Kigeuze kibao. Mfalme yule yule, na jina lake limeandikwa mbele yake kwa kambale na patasi, anakwenda kukagua maiti kumi zilizopangwa safu mbili, kila moja kichwa chake kimekatwa na kuwekwa katikati ya miguu. Safari hii amevaa taji jekundu: kofia fupi iliyo bapa, nyuma imepanda wima kama mgongo wa kiti, na mbele kunatoka kitu chembamba kilichojikunja mwishoni.

Mwalimu yeyote wa historia atakuambia maana yake. Jeupe ni la Misri ya Juu, yaani kusini, kwa kuwa Nile inateremka kwenda kaskazini. Jekundu ni la Misri ya Chini, kule mto unakogawanyika kabla ya kuingia baharini. Narmer kavaa yote mawili, basi kaunganisha nchi mbili. Wafalme wa nasaba ya kwanza waliomfuata wakayapandisha moja ndani ya jingine, jeupe likasimama katikati ya jekundu, na taji hilo la pamoja wakaliita Wenye Nguvu Wawili.

Hadithi hiyo ni nzuri na wafalme wenyewe ndio walioitunga. Tatizo ni kigae. Mwishoni mwa karne ya 19 Flinders Petrie alifukua makaburi mengi huko Naqada, na katika mojawapo, kaburi namba 1610, mlikuwa na kigae cha chungu chenye umbo la taji jekundu, limefinyangwa juu ya udongo kabla ya kuchomwa. Kigae hicho sasa kipo Oxford na kina umri wa karne nyingi kuliko Narmer. Naqada iko kusini. Yaani picha ya zamani kabisa tuliyonayo ya taji la "kaskazini" imetoka kusini. Inaelekea lilikuwa alama ya watawala wa Naqada, na baadaye, ufalme ulipokua, likapewa kazi mpya ya kuwakilisha upande wa pili wa nchi, ili mambo yakae mawili mawili kama Wamisri walivyopenda: nchi mbili, miungu wawili, mimea miwili, mataji mawili.

Mimi jambo hili linanipendeza kuliko ule muungano wa vitabuni. Linaonyesha kwamba hata miaka 5,000 iliyopita kulikuwa na watu wamekaa chini kupanga nchi ionekaneje.

Na jeupe je? Hapo ndipo ugomvi ulipo. Mwaka 1964, bwawa kubwa la Aswan likiwa linajengwa na maji yakiwa yanakuja, Keith Seele wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa akifukua haraka haraka mahali panapoitwa Qustul, Nubia, karibu na mpaka wa Sudan. Katika kaburi lililobatizwa L24 mlitoka chetezo cha jiwe, kimevunjikavunjika. Ubavuni kimezungushiwa michoro: mashua tatu, uso wa jengo la kifalme, ndege aina ya kozi, na mtu aliyeketi ndani ya mashua. Sehemu kubwa ya mtu huyo imepotea. Kilichobaki juu ni kichwa cha taji jeupe.

Miaka kama kumi na tano baadaye Bruce Williams, naye wa Chicago, akasema waziwazi: ufalme wa aina ya kifirauni ulianza Nubia, kisha ukateremka Misri. Magazeti ya Marekani yakalidaka, na mpaka leo hoja hiyo inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp kila baada ya miezi michache, imekatwa mkia na kichwa. Wataalamu wengi hawakuikubali. Mwaka 1988 Günter Dreyer alifukua kaburi U-j huko Abydos, la mtawala wa Misri aliyekuwapo kabla ya Narmer, na vitu vya mle vimeonyesha kwamba kule nako ufalme ulikuwa umekwishakomaa wakati huo huo au mapema zaidi. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kumpa mmoja tuzo. Chetezo cha Qustul kinatosha kuthibitisha kwamba mtawala wa Nubia, miaka 3200 KK hivi, alijua taji jeupe lina maana gani na aliona linamfaa. Mpaka wa pasipoti ulikuwa bado haujachorwa.

Kumbuka jina hilo, Qustul. Litarudi.

Mataji mengine nitayapitia upesi. La buluu lilishika nafasi wakati wa Ufalme Mpya, zama za akina Tutankhamun na Ramses: limevimba nyuma, limejaa viduara vidogo vidogo, na swila amejikunja mbele. Vitabu vya zamani viliita kofia ya vita kwa sababu Ramses II ameonyeshwa nalo vitani, lakini ameonyeshwa nalo pia akiwa ameketi kwa utulivu, kama kwenye ile sanamu yake maarufu iliyopo Turin. Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama mfalme kamili, alilivaa kwenye ncha ya obeliski yake, yaani nguzo ndefu ya jiwe, katika hekalu la Karnak: amepiga magoti, amempa mgongo Amun, naye mungu ameweka mikono juu ya taji kama anayelithibitisha pale kichwani. Obeliski hiyo ilianguka, na ncha yake imewekwa chini karibu na ziwa takatifu, hivyo mtalii anaweza kusimama uso kwa uso na tendo lililochongwa ili liwe angani, mbali na macho ya watu.

Nefertiti alikuwa na lake peke yake, la buluu, refu, limekatwa bapa juu. Ndilo lile la sanamu iliyofukuliwa Amarna tarehe 6 Desemba 1912 na ambayo Wajerumani wamekataa kuirudisha. Mataji ya miungu yenye pembe za kondoo, manyoya ya mbuni, duara za jua na swila kila kona, nayaacha. Mengine yamerundikwa vitu hata najiuliza kama kuna shingo iliyowahi kuyabeba.

Kitu kimoja si taji lakini ndicho dunia nzima inachokijua: kile kitambaa cha mistari kilichobanwa kwenye paji la uso, kikapita nyuma ya masikio, kikateremsha ncha mbili kifuani na kufungwa kishungi mgongoni. Kinaitwa nemes. Djoser wa piramidi ya ngazi amekivaa juu ya nywele za bandia, Sphinx wa Giza amekivaa, na barakoa ya Tutankhamun imekifanyiza kwa dhahabu na mistari ya kioo cha buluu. Cha kitani chenyewe, kama kile alichovaa mfalme asubuhi akienda barazani, hatuna.

Turudi kwa mjomba na swali lake, maana kama kuna kaburi lililopaswa kumjibu ni la Tutankhamun. Howard Carter alilifungua Novemba 1922 likiwa na vitu zaidi ya 5,000. Mataji yamo kila mahali mle ndani. Kuna visanamu 413 vya watumishi wa ahera, vingine vimevaa jeupe, vingine jekundu, vingine nemes. Kuna sanamu ya dhahabu ya mfalme akiwa kwenye mashua, mkuki mkononi, taji jekundu kichwani. Mgongo wa kiti chake cha enzi unamwonyesha chini ya taji lililosheheni mpaka likagusa mapambo ya juu. Kila mtu mle amevaa taji, isipokuwa mwenye kaburi.

Novemba 1925 maiti yake ilifunguliwa vitambaa, safu kwa safu. Kichwani walikuta utepe wa dhahabu uliopambwa kwa viduara vya akiki, nyuma umefungwa fundo lenye umbo la ua na ncha zake zikining'inia. Ni pambo zuri sana, na ni la kuvaa. Chini yake, mwishoni kabisa, kofia ya kitani iliyobana fuvu lililonyolewa, imeshonewa shanga zenye umbo la swila. Basi. Taji halikuwepo.

Ila kuna jambo moja kwenye utepe ule ambalo nikilisoma huwa nasimama. Mbele ya paji la uso palikuwa na nafasi ya kuchomeka vichwa viwili vya dhahabu, cha tumbusi na cha swila. Tumbusi ni Nekhbet, mlinzi wa kusini; swila ni Wadjet, mlinzi wa kaskazini. Waliomzika waliwachomoa wote wawili wakawaweka mapajani, tumbusi upande wa kulia, swila upande wa kushoto. Kwa nini? Mfalme alilazwa chali, kichwa magharibi, miguu mashariki. Kulia kwake ni kusini. Kushoto kwake ni kaskazini. Walimlaza kijana wa miaka kumi na tisa hivi kaburini na bado wakahakikisha kila mungu yuko upande wa nchi yake.

Kitu kilichokaribia zaidi kuwa kipande cha taji la kweli kilipatikana Lahun, kwenye piramidi ya Senusret II, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Timu ya Petrie ilikuwa inapekua kifusi ndani ya chumba ambacho wezi walikuwa wameshakikomba zamani, ikaibuka na swila wa dhahabu tupu, urefu chini ya sentimita 7. Kichwa chake ni cha jiwe la buluu la lazuli, shingo iliyotanuka imejazwa akiki na vijiwe vya rangi, na nyuma ana vitanzi vya kushonewa. Kushonewa kwenye nini? Mwizi aliondoka na hicho, au kilioza. Wakati huo huo makaburi ya mabinti wa kifalme pembeni yametoa vilemba na tepe nzima nzima. Binti Sithathoryunet, aliyefukuliwa Lahun hapo hapo mwaka 1914, aliacha utepe wa dhahabu wenye maua madogo, swila mbele na manyoya mawili marefu ya dhahabu nyuma, pamoja na vijibomba vya dhahabu vya kupitishia misuko ya nywele. Leiden kuna utepe wa fedha wa mfalme aliyeitwa Antef. Tepe tunazo. Mataji hatuna.

Maelezo ya kawaida ni mawili. La kwanza, mataji hayakuwa ya dhahabu, bali ya ngozi, kitani, au kitu kilichosukwa, nayo yakaoza. Naona lina uzito, lakini halitoshi peke yake, kwa sababu Misri ni nchi ambayo kikapu na mkate vimekaa miaka 3,000 bila kuoza. La pili, taji halikuwa mali ya mtu. Lilikuwa la ufalme, likapita kutoka kichwa hadi kichwa, na hakuna aliyekuwa na haki ya kushuka nalo kaburini.

Mimi nimeegemea la pili, na sababu yangu imeandikwa ndani ya piramidi ya Unas huko Saqqara, ya miaka ya 2350 KK hivi. Kuta za vyumba vyake zimejaa maneno ya kumsindikiza mfalme, na katika maneno hayo taji jekundu halizungumzwi kama kitu. Linasemeshwa. Mfalme anakuja mbele yake kwa unyenyekevu, analiita kuu, lenye uganga mwingi, nyoka wa moto, kisha analiomba: watu waniogope kama wanavyokuogopa wewe, wanipende kama wanavyokupenda wewe. Huyo ni mtu anayeomba radhi kwa mungu wa kike mwenye nyumba yake na makuhani wake. Mungu wa namna hiyo huzikwi naye. Ukifa unamwacha, anamkalia mwingine.

Tena kuna ushahidi wa karne nyingi baadaye, mahali ambapo wengi wanapaangalia bila kupasoma. Jiwe la Rosetta, lile lililookotwa na askari wa Ufaransa mwaka 1799 na ambalo lilifungua siri ya maandishi ya Kimisri, watu wanalijua kwa lugha zake tu. Ukisoma linachosema, ni agizo la makuhani la mwaka 196 KK kumheshimu Ptolemy V. Wanaagiza atengenezewe kijumba cha dhahabu cha kubebwa kwenye maandamano, juu yake yawekwe mataji kumi ya dhahabu yenye nyoka, na katikati yawe na lile taji la pamoja alilolivaa alipoingia hekalu la Memphis kutimiza taratibu za kupokea ufalme. Kwa hiyo mwaka huo taji lilikuwapo, lilivaliwa, na watu walimwona nalo. Na mvaaji alikuwa wa ukoo wa Kimakedonia. Kwenye sarafu zao jamaa hawa walijionyesha kwa utepe mwembamba wa Kigiriki, na kwenye kuta za mahekalu wakavaa kibuyu cha Narmer.

Warumi walipochukua nchi mwaka 30 KK hawakuharibu utaratibu. Tiberius, aliyetawala akiwa Italia, yupo ukutani mwa hekalu la Philae amevaa mataji ya Misri na kutoa sadaka kwa miungu ambayo sidhani kama aliijua kwa majina. Mchongaji hakuhitaji kumwona. Alihitaji umbo la taji na nafasi ya kuandika jina. Ukiweza kumfanya mtu mfalme wa nchi asiyoikanyaga kwa mistari michache ya patasi, utaona kwamba picha ya taji ilikuwa na kazi yake yenyewe, mbali na kofia.

Waliolijua hilo vizuri zaidi ni maadui wa Wakushi. Katika karne ya 8 KK wafalme wa Kush, kutoka Napata katika Sudan ya leo, walipanda kaskazini wakaitawala Misri yote: Piye, Shabaka, Shabataka, Taharqa. Walivaa mataji ya Misri yote, lakini walipenda zaidi kofia yao ya kubana kichwa yenye utepe, na pajini hawakuweka swila mmoja. Waliweka wawili. Ukitaka kumtambua mfalme wa Kush kwenye ukuta wowote, hesabu nyoka. Sphinx mdogo wa Taharqa aliyetoka Kawa, ambaye yupo London, amewavaa wote wawili, na badala ya nemes ana manyoya ya shingo ya simba, mashavu yamejaa, pua pana, amekuangalia kama mtu ambaye hujamwomba ruhusa ya kuingia.

Mwaka 593 KK Psamtik II alipeleka jeshi kusini. Nyumbani, mafundi wake walizunguka na patasi kwenye sanamu na kuta za Wakushi. Hawakuvunja kila kitu. Mara nyingi walifuta majina, na kwenye paji la uso wakamfuta swila wa pili. Yule mmoja wakamwacha. Nilipofika Karnak nilitafuta makovu hayo, na ukishajua pa kuangalia huwezi tena kutoyaona: uso umesalimika, taji limesalimika, na juu ya nyusi kuna kishimo kidogo kilichokwanguliwa. Kwao haikuwa lazima kukanusha kwamba mtu huyu aliwahi kuwa mfalme. Ilitosha kumpunguzia nyoka.

Upande wa pili wa vita hivyo ulifukuliwa mwaka 2003 na Charles Bonnet huko Doukki Gel, karibu na Kerma. Shimoni mlikuwa na sanamu saba za wafalme watano, Taharqa akiwa mmojawapo, zimekatwa shingoni na miguuni, kisha zikakusanywa na kuzikwa kwa uangalifu. Zimeunganishwa upya na zina jumba lao hapo Kerma.

Na sasa Qustul. Mkabala nayo, ng'ambo ya Nile upande wa magharibi, palikuwa na kijiji cha Ballana. Mwaka 1931 Walter Emery na Laurence Kirwan walitumwa kupima mabaki ya kale kabla ya bwawa la zamani la Aswan kuinuliwa. Kwenye kingo zote mbili waliona vilima vya mchanga ambavyo wapitaji wengine walidhani ni vya upepo. Vilikuwa makaburi ya wafalme, ya karne ya 4 hadi ya 6 baada ya Kristo. Upande wa Qustul farasi walikuwa wamezikwa na lijamu na hatamu za fedha. Upande wa Ballana, chini ya vilima, wafalme na malkia walikuwa wamelala, na watumishi wao waliochinjwa pembeni.

Wamevaa mataji.

Ya kweli, ya madini yenyewe, vichwani. Ni pete pana za fedha zilizopigwa nyundo, zimepachikwa akiki nyekundu na vioo vya rangi, na juu yake safu ya swila wamesimama wima, kila mmoja na duara lake la jua. Mengine yana jicho la Horus. Moja limepandishiwa kichwa cha kondoo dume chenye manyoya marefu juu yake, lile lile taji la miungu nililoliruka pale mwanzo. Firauni wa mwisho wa Kimisri alikuwa amekufa miaka zaidi ya 700. Maandishi ya mwisho ya kihieroglifu, yale ya Philae, yalichongwa mwaka 394, yaani wakati vilima hivi vinaanza kurundikwa au karibu na hapo. Misri ilikuwa inaingia kanisani. Na hawa mabwana wa Nobadia, ufalme wa Nubia wa wakati huo, ambao walikuwa wakiabudu Isis wakati wengine wamekwishaacha, walikuwa wanaagiza mataji ya swila kwa mafundi wa fedha na kuyavaa mpaka kaburini. Ile desturi ya kumwachia mrithi, kama kweli ilikuwapo, kwao haikufika. Ndiyo maana leo tunayo ya kushika.



Mmoja wa wafalme hao, Silko, ameacha maandishi ya Kigiriki kwenye hekalu la Kalabsha, akijisifu kwamba yeye ni mfalme mdogo wa Wanobadia na Waethiopia wote (ndivyo Wagiriki walivyowaita watu wa kusini mwa Misri), na ukutani kuna mchoro wake juu ya farasi, amevaa taji, anamchoma adui mkuki, na malaika wa ushindi wa Kigiriki anamletea taji jingine. Roma, Ugiriki na Misri zimekutana juu ya kichwa kimoja. Hekalu hilo lilihamishwa jiwe kwa jiwe kabla maji hayajafika. Ballana na Qustul hazikuhamishika. Ziko chini ya Ziwa Nasser pamoja na vijiji vya Wanubia waliohamishwa.

Mataji ya Ballana yalipelekwa Cairo. Nikimkumbuka mjomba huwa natamani ningekuwa nimeshayasoma haya siku ile, maana angenielewa mara moja: kofia ipo, lakini ni ya jirani wa kusini, na vitabu vya "Misri ya kale" vilishafungwa kabla hajaivaa. Mtu akikuonyesha barakoa ya Tutankhamun, ambayo sasa imehamia makumbusho mapya ya Giza, mwache amalize kustaajabu, kisha mwulize zile za fedha ziko chumba gani.